Mvua ya Kwanza Soitsambu

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu kijana Soitsambu, tarafa ya Loliondo. Ukame ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, ukashika kaskazini yote, toka Longido na Monduli hadi ng'ambo ya mpaka, Kajiado na Narok. Waliokuwa na pa kuhamia walihama. Waliobaki waliamka alfajiri kuwasimamisha ng'ombe, mmoja akishika mkia, wengine pembe na mbavu, maana ng'ombe aliyedhoofu akiachwa amelala hainuki tena. Julai, njaa ya mifugo ikiwa imekolea, maboma ya upande wa Serengeti yalichomwa moto, na wenye maboma wakaondolewa kwenye malisho waliyoyategemea kila kiangazi. Madawati kadhaa darasani kwangu yakabaki wazi muhula ule.

Maji yalikuwa chini ya mchanga wa makorongo. Akina mama walichimba hadi kiunoni, wakakaa kusubiri yajikusanye, wakayateka kwa kikombe na kuyamimina kwenye madumu huku punda wakisimama juani. Harufu ya mizoga ilikuwa imezoeleka kiasi kwamba hakuna aliyeitaja.

Katika hali hiyo nilifundisha jiografia ya nchi za baridi. Mimi ni mtoto wa Kibosho, nimekua nikiitazama barafu ya Kibo, ambayo tangu 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo somo lile nililipenda. Niliwaambia wanafunzi kwamba huko Siberia, Alaska na kaskazini ya Kanada kuna udongo ulioganda kwa maelfu ya miaka, jua la kiangazi huyeyusha tabaka la juu tu, na humo wachimbaji wamewahi kukuta mamothi, yule ndugu wa tembo aliyekwisha kutoweka, akiwa bado na nyama na manyoya. Kijana mmoja aliyekuwa akichunga kabla ya kuja shule akanyoosha mkono: "Mwalimu, udongo ule ukiyeyuka, hiyo nyama itaoza?"

Nikamjibu kwamba itaoza. Sijapata kusikia swali linalogusa kiini cha jambo hili kuliko lile. Kinacholala katika udongo ule si mamothi peke yake. Ni mizizi, majani na mboji za vizazi na vizazi vya mimea iliyokufa isipate kuoza, jumla yake karibu tani bilioni 1,500 za kaboni, takribani mara mbili ya kaboni iliyomo angani. Kaskazini ya mbali inapata joto kwa kasi inayozidi mara mbili ya wastani wa dunia, na udongo unapoyeyuka, bakteria wanaamka na kuanza kula. Penye hewa ya kutosha wanatoa hewa ukaa. Penye maji yaliyotuama wanatoa methani, ambayo hunasa joto kwa nguvu zaidi. Maji nayo yanapotea njia. Barafu iliyokuwa ikiibeba ardhi ikiisha, ardhi hudidimia, ziwa hutokea palipokuwa pakavu, na kwingine ziwa la siku zote hukauka kwa kuwa sakafu yake imefunguka.

Mvua ilikuja mwishoni mwa mwaka, mvua za El Niño. Ilianza alasiri, na kabla hatujalowa ilitufikia ile harufu ya udongo. Watoto walitoka darasani wakapiga kelele, nami sikuwazuia. Mzee niliyekuwa nikiishi jirani naye alikuwa amesimama mlangoni mwa boma bila furaha yoyote.

"Shikamoo mzee. Mungu ametukumbuka."

"Marahaba, mwalimu. Subiri kwanza. Hii ndiyo inayoua."

Usiku ule baridi ya mvua iliwamaliza ng'ombe waliokuwa wamevumilia ukame wote. Siku chache baadaye yakachipua majani ya kijani kibichi mno, na waliosalia wakayakimbilia wakaharisha. Mzee alikuwa amefunga alalili yake, lile eneo la malisho linalotengwa kwa ndama na wanyama wagonjwa, na hakumruhusu mtu kuingiza hata mbuzi.

Miaka ya baadaye nilisoma kazi ya H. F. Birch, mtafiti wa udongo aliyekuwa Muguga, karibu na Nairobi, enzi za ukoloni. Birch alikausha udongo, akaulowesha tena, akapima. Aliyoandika mwaka 1958 bado yanatajwa duniani kote kwa jina lake: udongo mkavu ukipata maji, hewa ukaa hutoka kwa mkupuo, na nitrojeni nyingi huwa tayari kwa mimea. Bakteria wengi wamekufa kwa ukame na miili yao inakuwa chakula cha waliobaki. Mabonge yaliyopasuka yanafichua mboji iliyokuwa imehifadhika ndani. Majani yale ya kijani kupita kiasi yalikuwa yameshiba nitrojeni hiyo. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mzee, aliyekuwa akiijua tabia ya mvua ya kwanza tangu utoto wake na kuipangia ng'ombe wake.

Kule kaskazini ya mbali baridi ndiyo iliyofunga hazina ya kaboni. Loliondo hazina hiyo hufungwa na ukame kwa muda, kisha maji huifungua kila msimu. Tofauti kubwa ni kwamba kwetu nyasi zikiachiwa nafasi zinairudisha kaboni ardhini kwa mizizi yao, ndani ya miaka ya binadamu mmoja. Zisipoachiwa, mvua haizami. Mwaka ule niliona maji mekundu yakiteremka juu ya ardhi tupu, yakibeba udongo wa juu na kuchimba makorongo mapya, huku ndani ya alalili ya mzee yakizama taratibu kati ya mashina ya nyasi za zamani.

Alalili haisimami peke yake. Inawezekana kuifunga kwa sababu kundi kubwa lina pengine pa kwenda. Juni 2022 vigingi viliwekwa kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, ambazo sasa ni Pori la Akiba Pololeti, na humo yamo malisho ya kiangazi ya vijiji vya Soitsambu, Ololosokwan na majirani zao. Wakati huohuo, Longido na Monduli, vijiji vinaletewa mikataba ya kuuza kaboni ya udongo wa malisho, kwa ahadi kwamba mifugo itazungushwa ili nyasi zipumzike. Mkataba wa namna hiyo ukifika Soitsambu, nitataka aliyeuleta akae na wazee awaonyeshe kwenye ramani, kwa kidole, ng'ombe watakuwa wapi mwezi wa Septemba.