Chemchem, Mbali na Bahari

Tulishuka treni Tabora asubuhi, tukiwa tumechoshwa na reli ile ya zamani iliyofika mji huu mwaka 1912, tukaelekea Chemchem kwa dada yetu. Kata hii ya mjini ina jina la maji, na uani kwa dada kipo kisima ambacho bibi wa nyumba, mama wa shemeji yetu, hukitazama kila alfajiri kabla hajamtazama mtu. Tulipokewa kwa maamkizi mema na chai ya tangawizi, lakini shemeji, ambaye kwa kawaida hamalizi salamu bila mzaha, alikuwa kimya.

Sababu tuliijua, kwa kuwa ndiyo iliyotuita. Binti yao, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, alikuwa amepata ufadhili wa serikali ya Uturuki kwenda kusomea uhandisi wa ujenzi mjini Ankara, na nia yake ni kuelekea baadaye kwenye uhandisi wa pwani. Siku za kujibu zilibaki chache. Baba hakusema ndiyo wala hapana.

Bibi ndiye aliyelisema lililokuwa vifuani mwa wengi: “Mjukuu wangu, bahari hujawahi kuiona. Utaijengeaje ukuta?”

Baada ya Adhuhuri tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, penye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Njia ile ina miembe ambayo wenyeji husimulia kuwa imetokana na kokwa zilizotupwa na misafara. Burton na Speke waliingia hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia hiyo kuliko wageni wote waliowafuata. Kwa njia hiyo ilikuja dini yetu na lugha hii tunayoiandika. Na kwa njia hiyo hiyo walipelekwa Bagamoyo watu waliofungwa minyororo, wengine na mikono ya watu waliokuwa wakiswali kama sisi. Haifai tutembee chini ya miembe ile na kukumbuka kivuli peke yake.

Tulimwambia binti kwamba Tabora imekuwa ikiitazama bahari ya mashariki tangu zamani. Akatusahihisha kwa adabu. “Watu ndio waliokwenda mashariki, mjomba. Maji yetu huenda magharibi.” Akachora mchangani kwa kijiti: Mto Igombe huingia Malagarasi, Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika, ziwa hutoka kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, na Kongo huishia Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mvua inayoanguka huku, ile isiyonywewa na ardhi na jua, ina bahari yake. Tumesoma jiografia miaka mingi, na hatukuwahi kuyaunganisha mambo hayo.

Akaendelea kwa habari za Kunduchi, Dar es Salaam, ambako ufuko umeliwa hadi hoteli ikabomoka. Mchanga wa ufuko, alieleza, sehemu kubwa huletwa na mito. Wachimbaji wakiuchota mtoni kwa ajili ya matofali, mawimbi huendelea kuchukua na hakuna kinachorudishwa. Ukuta pekee hautoshi, kwani wimbi lililozuiwa mahali pamoja huweza kula mahali pa jirani. Na pwani si ya bahari tu: Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya karibuni, maji yaliingia mitaani Bujumbura na Kalemie. Kigoma ni jirani zetu kwa reli. Hapo shemeji, aliyekuwa nyuma yetu akijifanya hasikilizi, alisogea.

Jioni, baada ya Magharibi, alisema wazi. “Elimu siikatai. Ninachokataa ni mtoto wa kike kushushwa uwanja wa ndege asiomjua mtu.” Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja kuhusu safari ya mwanamke bila maharimu, na sisi si wa kutoa fatwa gazetini. Shemeji alikwenda kwa sheikh wake. Sheikh hakumjibu haraka. Alimuuliza binti atalala wapi na atafika vipi.

Majibu yalikuwepo. Ufadhili ule hulipa ada, bima ya afya, posho ya kila mwezi na tiketi ya mwanafunzi, na humpa nafasi katika mabweni ya serikali, ambayo ya wanawake yametengwa na ya wanaume. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kituruki, hata kwa anayekwenda ODTÜ, chuo kikuu cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1956, ambako masomo hutolewa kwa Kiingereza. Tiketi ya msindikizaji haimo. Hiyo ni ya familia. Shemeji alihesabu usiku kucha, na baada ya Alfajiri akatuambia kuwa ng'ombe wawili watauzwa na kaka mkubwa atakwenda naye, amfikishe bwenini, kisha arudi. Dada alilia jikoni, asitake kuonekana. Hatukujua kama ni kwa furaha, na hatukuuliza.

Wazazi wenye watoto wanaowaza njia kama hii wafahamu kuwa maombi ya ufadhili huo kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa Februari, na kwa shahada ya kwanza mwombaji awe hajatimiza miaka 21. Shahada ikipatikana, itambuliwe na TCU, kisha mhandisi ajisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Tumewaona vijana waliorudi na vyeti vizuri wakahangaika kwa kutoyajua haya mapema.

Siku ya kuondoka kwetu, bibi alimwita binti kisimani.

“Huko Ankara bahari iko karibu?”

“Hapana, Bibi. Ni mbali, kama hapa. Chuoni wana mabirika marefu ya maji, na mashine inayosukuma mawimbi. Hujenga ukuta mdogo ndani yake, wautazame unavyovunjika.”

Bibi alifikiri kidogo, akateremsha ndoo.

“Basi wanavunja kwanza,” alisema. “Hao wana akili. Nishikie kamba.”