Nyaya za Gari la Kaka

Vijana kadhaa wa hapa Buyenzi, baada ya kuniona siku tatu nikiwa nimelala chini ya dashibodi ya gari la kaka yangu, wameniomba niwaandikie nilichokuwa nafanya na kwa nini sikumwachia fundi. Ninaandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya kila mwenye familia anayepanda gari la milimani lililoongezwa vitu na watu wengi.

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu, dizeli, mfumo wa volti 12. Siku za kazi hubeba ndagala kutoka Rumonge kwenda masoko ya juu vilimani, kwenye njia za udongo ambazo mvua ikinyesha gari dogo halithubutu. Siku za mapumziko hutubeba sisi. Lilipita mikononi mwa wenyewe watatu kabla ya kaka, na kila mmoja aliongeza lake: wa kwanza taa mbili kubwa za mbele, wa pili taa ya nyuma ya kupakulia mizigo usiku na pampu ya umeme ya kujazia magurudumu, wa tatu redio. Kaka akaongeza friji ndogo na plagi za kuchaji simu. Hakuna aliyeondoa kazi ya mwenzake. Kila fundi alifungua boneti, akatafuta mahali penye umeme, akapachika waya wake na kwenda zake.

Mwaka 2024, mafuta yalipokuwa adimu nchini, gari lilikaa kwenye foleni ya kituo siku mbili. Zamu ilipofika halikuwaka, likasukumwa. Kaka alidhani betri imechoka. Baadaye, usiku wa mvua, tukirudi kutoka Rumonge na watoto sita ndani na bidoni mbili za dizeli nyuma, mama akasema anasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kaka alisimama papo hapo na kung'oa kichwa cha betri. Alhamdulillah hakuna aliyeumia, lakini zulia chini ya miguu ya mama lilikuwa na moto wa kutosha kuunguza kiganja.

Asubuhi fundi mmoja aliangalia, akakuta fyuzi ya taa za mbele imekatika. "Mwalimu, hii ya kumi na tano ni ndogo. Weka ya thelathini, haitakatika tena." Alisema kweli kabisa: isingekatika tena. Waya ndio ungeungua badala yake.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na wengi hulielewa kinyume. Fyuzi haipo kwa ajili ya taa. Ipo kwa ajili ya waya. Umeme ukizidi kile ambacho waya unaweza kubeba, au waya ukichubuka na kugusa chuma, fyuzi hukatika kabla waya haujawa kaa la moto. Kwa hiyo ukubwa wa fyuzi hupimwa kwa unene wa waya, na mahali pake ni karibu na betri, si karibu na taa. Kipande chochote kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kwenye gari la kaka nilihesabu nyaya saba zilizobanwa kwenye kichwa cha chanya, na mbili tu zilikuwa na fyuzi. Moja kati ya hizo mbili ilizungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Kaka hakufurahi niliposema nitatoa zote na kuanza upya. "Mdogo wangu, Jumamosi ni siku ya soko. Na taa zilikuwa zinawaka." Nilimwambia nitamrudishia Jumatatu. Alinyamaza kidogo, kisha akanipa ufunguo. Soko moja kwake si kitu kidogo.

Tulianza Ijumaa baada ya swala, mimi na binti yangu aliye sekondari. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga picha kila kitu kwa simu kabla sijagusa, kisha kuchora. Mimi nikafungua kichwa cha hasi cha betri. Hicho hutangulia daima, kwa sababu spana ikigusa mwili wa gari ukiwa unafungua chanya, cheche utaziona.

Waya wa taa za mbele ulitoka kwenye betri, ukapenya tundu la chuma lisilo na mpira, ukapita chini ya zulia hadi kwenye swichi, ukarudi mbele. Mita sita hivi, unene wa milimita za mraba 0.75. Pale tunduni ulikuwa umechubuka mpaka ndani. Nilipoukwangua kwa kisu, rangi ya shaba ilitoka na ndani ukawa mweupe: aluminiamu iliyopakwa shaba. Ndugu msomaji, kabla hujalipia waya, kwangua kwanza.

Binti alifanya hesabu yake kwenye daftari. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, gawanya kwa 12, ampia 9 na ushei. Hata kama waya ule ungekuwa shaba safi, zaidi ya volti moja ingepotea njiani, na taa za aina hii zikikosa volti moja na ushei hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Akaniangalia. "Baba, kwa hiyo baba mkubwa alikuwa anapasha moto zulia badala ya barabara?" Nilicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Dawa ya hapo ni rilei. Swichi ya ndani hubeba umeme mdogo tu wa kuamsha rilei, na rilei iliyo karibu na betri ndiyo inayopeleka ule mkubwa kwa njia fupi. Miguu yake ina namba: 30 hupokea kutoka betri kupitia fyuzi, 87 hupeleka kwenye taa, 85 na 86 ndizo za kuamsha. Tuliweka waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampia 15, ile ya bluu. Pampu ilipata njia yake peke yake, waya wa 6 na fyuzi ya 30, ya kijani.

Friji ndiyo iliyokuwa mwizi wa foleni. Iliunganishwa moja kwa moja na betri. Hula ampia 4 hivi, na ikiwa inafanya kazi theluthi moja ya muda, kwa siku ni zaidi ya ampia-saa 30, kutoka betri ya 70. Siku mbili zilitosha. Sasa friji na plagi za simu zinapata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu.

Nyaya za masi, zile zinazorudisha umeme kwenye mwili wa gari, zilituchosha kuliko zote. Zilifungwa juu ya rangi na kutu. Tulikwangua mpaka chuma king'ae, tukafunga, tukapaka grisi. Kila tundu likapata mpira wake. Viungo vilivyosokotwa na kufungwa utepe tulivikata vyote, kwa maana joto la injini huyeyusha gundi na utepe hujifungua wenyewe.

Mchoro wa binti, umeandikwa kwa Kiswahili na rangi ya kila waya, umebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la fyuzi. Fundi ajaye asilazimike kubahatisha. Fyuzi za akiba ziko humo humo, za ukubwa ule ule, hakuna kubwa zaidi.

Jumapili usiku tuliwasha kila kitu kwa pamoja, injini ikinguruma, mita ikasoma volti 13.9 kwenye betri na 13.7 kwenye taa. Niliacha taa dakika ishirini, nikapitisha mkono juu ya waya wote. Ulikuwa baridi. Kaka alikuja alfajiri, akauliza swichi ya taa ya nyuma ni ipi, akaondoka kwenda Rumonge.

Redio bado. Waya wake nimeuziba ncha, nikaukunja nyuma ya dashibodi na kuuandika jina. Mama amesema hauhitajiki.