Wazee wa Magari Marefu

Henry Leland ndiye aliyeanzisha Cadillac, mjini Detroit, mwaka 1902. Miaka 15 baadaye alikosana na mkuu wa General Motors, kampuni iliyokuwa imeinunua Cadillac, kuhusu kutengeneza injini za ndege za vita, akatoka, akaanzisha Lincoln na kuipa jina la rais aliyempigia kura ujanani mwake. Biashara ikamlemea, na mwaka 1922 Henry Ford akainunua. Basi wazee niliowakuta Ohio, waliobishana miaka nenda miaka rudi kwamba Cadillac ndilo gari na Lincoln ni bati, au kinyume chake, walikuwa wakigombania watoto wa baba mmoja. Wakiambiwa hivyo hawakupoa. Walizidi kupandisha sauti.

Nimeishi Columbus tangu miaka ya 1980, na riziki yangu nimeitafuta kwa usukani: kwanza teksi, baadaye gari jeusi la kupeleka wasafiri uwanja wa ndege. Uwanjani kuna eneo ambako madereva wanasubiri zamu, na pale ndipo lilipokuwa baraza letu. Walikuwapo Wahabeshi, Waghana, Wakenya, sisi Watanzania wachache, na Wasomali waliopitia kambi ya Dadaab na Mombasa wanaokisema Kiswahili bila kutafuta maneno. Tulikuwa pamoja na Wamarekani Weusi wenye umri wa baba zetu, wengi wao wastaafu wa viwandani walioona kwamba kukaa nyumbani ni kujitafutia maradhi. Mazungumzo yalianzia popote, kwenye siasa au bei ya nyama, lakini hayakukawia kurudi kwenye sedani kubwa za Kimarekani: ipi iliundwa kwa moyo, ipi iliharibiwa na wahasibu, ipi mtu wa mshahara mdogo anaweza kukaa nayo mpaka ikafika maili laki tatu.

Wengi wa wazee wale wametangulia mbele ya haki. Nawaandika kwa sababu wanasimuliwa vibaya. Vijana wanaambiwa kwamba babu zao walipenda makuu, walitaka kuonekana, walichoma petroli bila haya. Petroli waliichoma kweli. Cadillac ya mwaka 1976 ilikuwa na injini ya lita 8.2 na urefu wa karibu mita 6, na hapo ilikuwa imeshapita miaka mitatu tangu nchi za Kiarabu ziikatie Marekani mafuta. Katika hilo siwatetei. Ila hiyo habari ya kutaka kuonekana ina historia yake, na asiyeijua asiwahukumu.

Peter Drucker, aliyeichunguza General Motors miaka ya 1940, alisimulia kwamba wakati wa mdororo mkuu wa uchumi Cadillac ilikuwa na msimamo wa kutowauzia Weusi. Mtu Mweusi mwenye pesa zake, bondia au daktari, alilazimika kumlipa Mzungu aende kumnunulia. Nicholas Dreystadt, aliyekuwa akisimamia huduma za ufundi, ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba hao ndio wateja waliobaki, na kwamba wakiuziwa waziwazi chapa itapona. Ikapona. Mwaka 1949 jarida la Ebony lilitoa tahariri nzima kueleza kwa nini Weusi wananunua Cadillac, na jibu lake halikuhusu maringo. Mtu aliyezuiwa na benki, na mikataba ya nyumba iliyokataza kuwauzia Weusi, kununua nyumba katika mtaa autakao angalau aliweza kununua gari bora kuliko yote nchini.

Kisha kulikuwa na safari. Kuanzia 1936 Victor Green wa New York alichapisha kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambavyo vingempokea msafiri Mweusi. Palipokuwa hapana hata kimoja, gari ndilo lililokuwa hoteli. Mstaafu mmoja wa kiwanda cha matairi cha Akron alituhadithia jinsi baba yake alivyowachukua kila kiangazi kwenda Alabama kwa bibi yao: buti lilijaa kuku wa kukaanga, blanketi na dumu la petroli, na watoto wanne walilala kiti cha nyuma huku baba akiendesha usiku kucha, kwa kuwa kusimama katika baadhi ya miji kulikuwa na hatari. Tangu siku ile, kila nikisikia mtu anauliza familia moja ilihitaji gari refu namna ile kwa ajili gani, humweleza habari za hao watoto wanne.

Sasa nije kwenye ubishi wenyewe, maana ndani yake kulikuwa na elimu ambayo hakuna chuo kilichoifundisha.

Wa upande wa Lincoln walisimama na Town Car. Chesisi yake ni ile ambayo Ford waliileta mwaka 1979 na Lincoln ikaanza kuitumia mwaka uliofuata: fremu ya chuma chini, bodi imefungwa juu yake kwa bolti, injini mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mwaka 1990 ilivishwa umbo jipya, ikatajwa na jarida la Motor Trend kuwa gari la mwaka, na mwaka uliofuata ikapewa injini ya V8 ya lita 4.6. Injini hiyo madereva wa teksi waliiamini kuliko walivyowaamini waajiri wao. Kasoro zake zilijulikana na kila mtu. Katika miaka ya mwisho ya 1990 njia ya plastiki ya kuingizia hewa ilikuwa na tabia ya kupasuka mbele na kumwaga maji ya rejeta. Springi za hewa za nyuma huzeeka na kuvuja, gari likaamka asubuhi limekaa chini. Lakini ile njia ya hewa ilibadilishwa kwa nyingine yenye kipande cha alumini, springi za hewa zikatolewa zikawekwa za chuma, na fundi wa kawaida alimaliza kazi kabla jua halijazama.

Wa upande wa Cadillac walikuwa na kibarua kigumu zaidi, na wale waungwana hawakukwepa. Walikiri kwamba miaka ya 1980 ilikuwa aibu. Mwaka 1981 ililetwa injini iliyokuwa ikizima silinda zake njiani, kutoka nane kwenda sita kwenda nne, ikiongozwa na kompyuta isiyoweza kazi hiyo, na wamiliki wengi wakawaomba mafundi wakate waya ili ibaki nane. Mwaka 1982 ikaja ya lita 4.1, bloku ya alumini na hedi za chuma, nguvu za farasi 125 zikivuta jumba zima. Wapo pia walionunua zenye dizeli iliyotoka Oldsmobile, ambayo hedi zake hazikufungwa kwa bolti za kutosha kuhimili mgandamizo wa dizeli. Baadaye, mwaka 1993, ikaja Northstar, injini nyepesi yenye mbio, fahari ya Detroit, ambayo bolti za hedi ziling'oa meno yake kwenye alumini, gasketi ikaachia, na matengenezo yake yakagharimu kuliko gari lenyewe.

Wakishakiri yote hayo, walitoa turufu yao: Fleetwood ya mwaka 1993 hadi 1996, iliyoundwa Arlington, Texas, ya magurudumu ya nyuma, na kuanzia 1994 ikiwa na injini ya lita 5.7 yenye undugu na ile ya Corvette. Hapo wa Lincoln walinyamaza kidogo. Palikuwa pia na wenye Buick, na V6 yao ya lita 3.8. Hawakusema sana. Waliendesha tu, wakatuacha tukibishana.

Niliwasikiliza muda mrefu kabla sijaona jambo ambalo pande zote mbili zilikuwa zinalizunguka. Town Car chini yake ilikuwa Crown Victoria, gari la polisi na teksi. Fleetwood ile ya mwisho chini yake ilikuwa Chevrolet Caprice, gari la polisi na teksi. Sedani za kifahari zilizodumu ni zile ambazo chini ya ngozi na mbao zilikuwa gari la kazi. Spea zake zilijaa kwenye kila yadi ya magari mabovu, kila fundi alizijua kwa kupapasa, na mwenyewe angeweza kulala chini yake Jumapili akabadilisha shokapu. Zile zilizotaka ufahari mpaka ndani ya bloku ya injini zilimfurahisha mnunuzi wa kwanza, kisha zikamfilisi wa tatu.

Kizazi kile kilikuwa kizazi cha mnunuzi wa tatu. Mwenye kiwanda alinunua gari jipya, wakili akalinunua baada ya miaka minne, na mfanyakazi wa zamu akalipata likiwa na maili elfu tisini na harufu ya sigara za wengine. Kwa hiyo macho yao yalikuwa makali. Nilimwona mmoja akikagua Town Car ya mwaka 1997 iliyokuwa inauzwa na familia ya marehemu. Rangi hakuitazama. Alipiga magoti, akagonga fremu kwa mpini wa bisibisi mbele ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo chumvi ya barabarani hukaa majira ya baridi, akasikiliza. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu. Akapitisha kidole juu ya bomba la breki mpaka mwisho. Akafungua mlango wa dereva, akautazama kama unashuka kwenye bawaba. Kisha akawaomba wenyewe waliache palepale mpaka kesho yake, arudi kuona kama nyuma imelala chini. Alirudi, akakuta limesimama sawa, akalipa.

Na raha je? Raha ilikuwa kubwa, na mimi niliiona usoni mwa abiria. Kiti cha mbele kilikuwa kipana, watu watatu wakikaa bila kusongana, gia ikiwa kwenye usukani. Ukivuka reli, ulisikia mlio wa mbali tu, mwili hautikisiki. Mabibi wenye magoti mabovu waliingia nyuma bila kuinama sana wala kupanda, wakashuka kwa heshima yao. Wapenzi wa magari ya Kijerumani walitucheka kwamba gari letu linayumba kwenye kona. Linayumba kweli. Mtu aliyetoka zamu ya saa kumi mbele ya tanuri hakuwa anatafuta kona. Alitaka mgongo wake uachwe upumzike mpaka nyumbani, na sijaona gari jingine lililomtimizia haja hiyo kwa bei aliyoweza kulipa.

Wajapani walipoleta Lexus LS 400 mwaka 1989, walionyesha kwamba utulivu ule unaweza kwenda pamoja na ufundi usiolegea. Wenzangu wengi wa Kiafrika walihamia huko na Toyota kwa jumla, na walifanya vyema. Detroit ilistahili somo lile. Kilichoniuma ni namna magari yetu yalivyoondolewa. Mwaka 2009 serikali ilitoa fedha kwa anayesalimisha gari linalokula mafuta ili anunue jipya, na masharti yalitaka injini iuliwe. Walimwaga oili, wakatia sodiamu silikati, wakaiwasha na kuiacha inguruma mpaka ikakaza na kufa. Zaidi ya magari laki sita yalikwenda kwa mpango ule. Najua kuna machakavu yaliyostahili kufa, na hewa yetu ni ya wote. Lakini kati ya hayo kulikuwa na V8 nzima ambazo zingempeleka kazini mnunuzi wa tatu kwa miaka kumi zaidi, na yeye hakuwa na uwezo wa gari jipya hata baada ya hiyo ruzuku.

Miaka miwili baadaye, 2011, kiwanda cha St. Thomas, Ontario, kikafungwa, na Town Car ikaishia hapo. Cadillac DTS nayo ikakoma mwaka uleule. Mwaka 2020 Lincoln nayo ikaacha kuunda sedani za kuuza Marekani.

Magari ya kifahari ya leo ni salama zaidi, yana nguvu zaidi na yanakula kidogo. Nayakubali yote hayo. Neno langu kwa walioyaunda ni moja: mmemsahau mnunuzi wa tatu. Taa moja ya mbele inagharimu kodi ya nyumba ya mwezi mzima, skrini ikifa inazima kipoza hewa pamoja na redio, na fundi wa mtaani hawezi kugusa kitu bila kompyuta ya kampuni. Gari hilo likifika umri ambao masikini angelimudu kulinunua, hamudu tena kulitengeneza. Hilo ni kosa la uundaji, na wahandisi wenye akili ya kutengeneza gari linalojiendesha hawawezi kusema hawana akili ya kulitatua.

Nanyi vijana wetu mliozaliwa huku, sedani zile bado zipo. Ziko kwenye gereji za nyumba za wazee waliofariki, zina maili chache, na warithi wanataka zitoke upesi. Msinunue kwa picha. Pigeni magoti, gongeni fremu, pitisheni kidole kwenye bomba la breki, liacheni gari lilale usiku mmoja kabla hamjalipa. Chesisi ikiwa nzima, kila kilichobaki kinatengenezeka. Ikiwa imeoza, liacheni, hata kama ngozi ya viti inang'aa. Na kama mtaani kwenu amebaki mzee mmoja wa magari haya, mchukueni mwende naye akalikague.