Baiti ya Ishirini na Moja

Keshia alikaa nyumbani siku tatu kwa kosa langu. Naanzia hapo kwa sababu kila nikiwasimulia wenzangu kisa hiki huwa nakimbilia mambo ya lugha ya C, na yeye namruka.

Nilikuwa nimekiandikia chama kidogo cha kuweka na kukopa programu ya risiti. Asubuhi moja mama mmoja akarudi dirishani, risiti mkononi. "Mwanangu, hii namba iliyogandana na jina langu, si ndiyo ile ninayobonyeza nikitoa hela?" Ilikuwa ndiyo yenyewe. Jina lake halisi silitaji, ila lilikuwa na urefu sawasawa na Mwanahamisi Abdallah, basi tumwite hivyo. Risiti ilisomeka: Mwanahamisi Abdallah4417.

Meneja akaniita, akauliza kama programu inaweza kuvujisha namba ya siri. Nikamjibu haiwezi, labda anayekaa kwenye kibodi ndiye aliyeiandika kwenye sehemu ya jina. Na aliyekuwa akikaa kwenye kibodi ni dada mmoja tu, yule keshia.

Kujiamini kule nilikutoa chuoni. Tulikuwa tumetishwa sana na gets, fanksheni inayopokea maandishi bila kuuliza nafasi ipo kiasi gani. Mwaka 1988 mnyoo wa Morris uliitumia kama mlango mmojawapo wa kuingilia mashine za watu, na mwaka 2011 ikaondolewa kabisa kwenye kiwango cha C. Strcpy nayo, ya kunakili maandishi, tukaambiwa tuiogope. Mimi nikajitungia kanuni: ukiona n katikati ya jina, hapo pana usalama. Strncat, ya kuunganisha maandishi, nilishaizoea, na kweli kila mara hufunga kazi yake kwa baiti ya sifuri, alama inayoiambia C kwamba maandishi yameishia hapa. Nikadhani strncpy ni pacha wake.

Kumbe kila mmoja na tabia zake. Kwenye Unix ya miaka ya 1970 majina ya mafaili yalikaa katika visanduku vya baiti 14, na strncpy inafaa kazi ya namna hiyo. Jina likiwa fupi, panapobaki panajazwa sifuri. Likijaa kisanduku, sifuri haiwekwi, maana kila anayesoma anajua kisanduku kinaishia wapi. Ukurasa wa mwongozo unalisema hilo waziwazi. Ulikuwa kwenye mashine yangu siku zote: man strncpy, basi. Sikuufungua.

Nilichoandika mimi ni hiki:

strncpy(m.jina, jina, 20);

Sehemu ya jina ilikuwa na baiti 20. Iliyofuata, bila hata pengo, ilikuwa ya namba ya siri, baiti 5. (Kwa nini siri ya mtu ilihifadhiwa wazi namna ile? Hilo ni ungamo jingine, na si dogo.) Nilijaribu programu kwa Juma Ali na Asha Omari, ikapita. Majina ya kitabu cha darasa la kwanza, wakati watu wetu hujiandikisha kwa majina matatu!

Usiku wa tatu ndipo nilipochapisha kumbukumbu yenyewe, baiti kwa baiti. Mwanahamisi, herufi 11, nafasi moja, Abdallah, herufi 8. Ishirini kamili. Mwisho wa safu ulikuwa hivi:

6c 6c 61 68 34 34 31 37 00

Hizo nne za mwanzo ni "llah". Zinazofuata ni 4417. Sifuri niliyoitarajia kwenye baiti ya 20 ilikuwa huko mbele, mwisho wa namba ya siri, na printf, fanksheni ya kuchapisha, iliendelea kusoma hadi ilipoikuta. Haikukosea kitu. Wanachama wenye majina marefu tuliwakuta tisa, wote risiti zao hivyohivyo.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: snprintf, ambayo hufunga kwa sifuri maadamu umeipa nafasi ya walau baiti moja, tena hukurudishia urefu uliohitajika, ujue kama jina limekatwa. Sehemu ya jina nikaifanya baiti 64. Wale tisa wakabadilishiwa namba.

Kwa dada nilikwenda mwenyewe, nyumbani kwake. Nilimweleza yote, mpaka habari ya ishirini. Alinisikiliza, kisha akaanza kuhesabu jina lake kwa vidole, taratibu. Kumi na tisa, pamoja na nafasi.

"Kwa hiyo yangu ingetoka sawa," akasema. Hakucheka.