Taya na Macho

Mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020 na kubomoa nyumba za watu, sisi tulianza kulala huku tukisaga meno. Asubuhi kichwa kiliuma nyuma ya macho. Tukanunua miwani sokoni, bure. Mganga wa meno akatubonyeza mbele ya sikio: hapo ndipo kiungo cha taya. Mshipa mmoja wa fahamu huchukua maumivu ya taya na ya jicho pia. Akatupimia kifuniko cha meno cha kuvaa usiku, akatukataza kutafuna miwa. Maumivu yakapungua. Lakini herufi za mbali hatukuziona vema hata hivyo, kwani kifuniko hakiponyi macho. Hayo yapimwe na mganga wake. Na hofu ya maji tusiifungie kinywani: tuiseme.