Baiskeli ya Butiama na fedha ya dawati

Kutoka Dar es Salaam hadi Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mzazi anayetaka kwenda huko kwa baiskeli ili kuchangisha fedha za madawati hujifua kwanza barabara ya Bagamoyo: Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga, kisha kurudi. Hutoka alfajiri, kabla jua na malori hayajazidi. Miguu huzoea, kazi ipo kwa wafadhili. Jirani akitoa elfu kumi, ana haki ya kuuliza: ni ya dawati au ya chakula chako njiani? Gharama za safari ziandikwe kando, na watoto nyumbani walione daftari. Miguu ikigoma njiani, fedha ya dawati ibaki ya dawati.