Televizyo ya plasma kutoka Kadutu

Mwenye kupanda soko la Kadutu, hapa kwetu Bukavu, hukuta televizyo pana zilizotumika Ulaya zikiuzwa karibu na vitambaa na sahani. Zimo za plasma, na bei yake huvuta macho. Sababu ipo: Panasonic, Samsung na LG ziliacha kuzitengeneza kati ya 2013 na 2014. Ikiharibika, fundi atatafuta vipuri wapi?

Kabla ya kutoa pesa ya likelemba, mwambie muuzaji aiwashe nusu saa. Kama kivuli cha alama ya chaneli kinabaki kwenye kona hata mkibadilisha chaneli, iache. Soma wati nyuma yake: plasma hula umeme kuliko LED.

Kushuka mlima nayo ni kazi. Kioo chake ni kizito. Ibebwe wima na watu wawili, isilazwe juu ya pikipiki.

Nyumbani, umeme wa Ruzizi hukatika na kurudi kwa nguvu. Weka stabilizateri, na umeme ukienda, chomoa waya. Iachie hewa nyuma, ifute ikiwa imezimwa kwa kitambaa laini kikavu. Watoto wasiache picha moja imesimama muda mrefu.

Mama, pesa hiyo hiyo ndiyo minervali ya mtoto. Tusinunue upana tu.